Tamasha la Bagamoyo ni lini, na ni lipi hasa?

Kila kipupwe swali ni lile lile. Jamaa zetu waishio Ulaya huja nyumbani Julai na Agosti, shule za watoto wao zikiwa zimefungwa, na kabla hawajapanda ndege wanauliza: "Tutakuta tamasha Bagamoyo?" Wageni waliofikia hoteli za ufukweni nao wanauliza. Majibu hayafanani. Huyu anasema lipo, yule anasema bado, wa tatu anawaambia wasubiri mwezi uandame. Na wote watatu huenda wanasema kweli, kwa kuwa kila mmoja ana tamasha lake analolifikiria.

Mkanganyiko huu una gharama zake. Kuna familia zinazotoka Dar es Salaam na watoto, kilomita 65 na ushee, zikafika na kukuta mji umetulia, wavuvi wanashona nyavu na jukwaa halionekani. Kuna pia wageni wanaosikia ngoma usiku mtaani wakaifuata na kamera mpaka uani kwa watu, wakidhani ni onyesho la bure, kisha wakashangaa kina mama wanapowageukia kwa ukali. Hawa hawakukusudia ubaya. Hawakuwa na mtu wa kuwapambanulia mambo ambayo sisi wenyewe, kwa mazoea, tunayaweka kwenye kapu moja.

Basi tuyapambanue. Tamasha ni mkusanyiko wa maonyesho yaliyoandaliwa kwa ajili ya watazamaji. Lina mwandaaji, ratiba, jukwaa, na mara nyingi kiingilio. Lile la Bagamoyo linaloandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, liko kundi hili. Shughuli ni sherehe ya wenyewe: harusi, jando, unyago, kumtoa mwali. Humo ngoma hupigwa, lakini mtazamaji hakuwaziwa tangu mwanzo; kuna mwenye shughuli na kuna waalikwa. Maulidi ni mkusanyiko wa dini wa kumsifu Mtume, wenye kaswida, matari, zikri na chakula, na hata ukipendeza kiasi gani kwa macho na masikio, unabaki kuwa ibada. Halafu kuna maonesho, kama Saba Saba ya Julai 7 na Nane Nane ya Agosti 8, ambayo ni ya biashara na kilimo. Vikundi vya ngoma huja kuyachangamsha, lakini anayeyaendea kwa ajili ya ngoma peke yake atachoka kuzunguka kwenye mabanda ya matrekta. Hayo ya mwisho tuyaache hapo.

Kalenda tatu kwenye mji mmoja

Mgeni anayetoka Ulaya amezoea kwamba Julai na Agosti ndiyo miezi ya matamasha. Sababu zake kule ni za wazi kabisa. Miezi mingi ya mwaka huwezi kumkalisha mtu nje akatazama mchezo wa kuigiza bila kumwua kwa baridi. Mwishoni mwa Juni, mjini Edinburgh, Uskoti, jua huzama karibu saa nne za usiku, kwa hiyo jioni inakuwa ndefu na watu hawana haraka ya kurudi nyumbani. Vyuo vikuu vimefunga, na kumbi na vyumba vya wanafunzi viko wazi kupokea wasanii. Mwaka 1947 mji huo ulianzisha tamasha kubwa la kimataifa, na makundi manane ya maigizo ambayo hayakualikwa yakaenda hivyo hivyo, yakajitafutia kumbi yenyewe. Kutokana na hayo likazaliwa tamasha la pembeni, Fringe, ambalo leo ni maarufu kuliko lile lililoyaacha nje. Mwaka huo huo wa 1947 Jean Vilar alianzisha tamasha la maigizo la Avignon, Ufaransa, kwenye ua wa kasri la zamani la mapapa. Nalo ni la Julai.

Sasa chukua sababu hizo uzilete Bagamoyo, utaona nyingi hazina kazi. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, Januari kwa Desemba. Baridi haimfukuzi mtu uwanjani. Kipupwe kikikaza, usiku unashuka labda hadi nyuzi 19, na mtu anajifunika khanga maisha yanaendelea. Kinachoamua kwetu ni mvua. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na katikati yake ndiyo miezi mikavu, upepo wa kusi ukivuma. Kwa hali ya hewa peke yake, Julai ungekuwa mwezi mzuri sana wa tamasha.

Hata hivyo tamasha la TaSUBa si la Julai. Kwa miaka mingi lilifanyika mwishoni mwa Septemba, na miaka ya karibuni limesogea hadi Oktoba, pengine Novemba. Linafuata kalenda ya kwanza, ile ya ofisi: bajeti, wafadhili, ratiba ya masomo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye taasisi ya umma anajua kwamba fedha ya mwaka mpya haikai mkononi siku ile ile. Kuna na jambo jingine ambalo wageni hawalifikirii. Wasanii wa Bagamoyo wanaopata mialiko ya nje huitwa katika miezi hiyo hiyo ya Julai na Agosti, kwa kuwa huo ndio msimu wa huko. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi, kufundisha na kufariki Bagamoyo Desemba 2003, alipiga ilimba, yaani marimba ya Kigogo, na zeze kwenye matamasha ya WOMAD ya Uingereza tangu miaka ya 1980. Tamasha la kwanza la WOMAD lilifanyika 1982, mwaka uleule ambao tamasha la Bagamoyo lilianza. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akatoka Uingereza Julai kuja kutafuta muziki wa Bagamoyo, na muziki wa Bagamoyo ukawa Uingereza.

Kalenda ya pili ni ya mwezi. Maulidi husomwa mfungo sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja. Ndiyo maana Maulidi hurudi nyuma kila mwaka: 2023 ilikuwa mwishoni mwa Septemba, 2024 katikati ya Septemba, 2025 mwanzoni mwa Septemba, na 2026 inaangukia wiki ya mwisho ya Agosti. Ikiendelea hivyo, miaka michache ijayo Maulidi itakuwa Julai, katikati ya likizo za hao jamaa zetu. Mwenye kupanga safari ya 2028 au 2029 kwa kutazama tarehe ya mwaka jana atapotea.

Mwezi huohuo ndio unaoamua lini ngoma zinanyamaza. Pwani yetu, Ramadhani ikiingia, harusi husita na ngoma huwekwa pembeni, halafu mfungo mosi ukiandama kila mtu anataka kuoa. Waandaaji wa matamasha yanayofuata kalenda ya kawaida wanalijua hilo kwa uchungu. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja lililoanza 2004, ni la Februari. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu Februari 8. Mambo kama hayo hayatatuliwi kwa tangazo. Lazima mmoja asogee, na mwezi hausogei.

Kalenda ya tatu karibu tumeisahau. Ni mwaka wa jua wa Waswahili, wenye siku 365, ambao mabaharia na wakulima waliuhesabu kwa miongo, kumi kumi, kuanzia siku ya Nairuzi. Hauna siku ya nyongeza ya mwaka mrefu. Kwa miongo hiyo watu walijua lini pepo zinageuka na lini ni wakati wa kupanda. Bagamoyo na Tanga siku hizi huusikii ila kwa wazee, lakini Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya mwaka bado inafanywa kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Julai: Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba kumaliza ugomvi wa mwaka unaokwisha, kibanda cha makuti huchomwa moto, kina mama hupita na nguo mpya wakiimba nyimbo za kuchomana, kisha watu wanakula. Na hapo mgeni ana nafasi yake maalumu, kwa kuwa inahesabiwa si heri nyumba kuipitisha siku hiyo bila mgeni. Ukikaribishwa kula Makunduchi siku ya Mwaka, kaa ule. Unapokula unamtimizia mwenyeji jambo lake.

Anayeuliza mwezi Julai kuna nini, basi, jibu langu la kwanza ni hilo la Makunduchi. La pili ni tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza 1998 na kujiita la nchi za jahazi, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la Julai ingawa tarehe zake nazo zimekuwa zikisogea. Bagamoyo kwenyewe Julai utakuta mji, magofu ya Kaole, misheni ya 1868, bahari na samaki. Utakuta pia shughuli nyingi za watu, kwa kuwa kipupwe tangu zamani ndiyo majira ya jando na unyago: mavuno yamekwisha kuingia, chakula kipo, shule zimefungwa, na kidonda hukauka vizuri. Ila hizo hazitangazwi, wala si haki kuzitangaza.

Jukwaa lilivyofika mjini

Kuna imani moja ambayo nimeisikia kwa wageni na kwa wenyeji pia: kwamba tamasha la Bagamoyo ni mahali pa kuona ngoma za Bagamoyo. Sivyo, na tofauti hii inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo fahari ya tamasha lenyewe.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoanza kazi ya urais, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba wakoloni walitufanya tuzidharau ngoma zetu. Baadaye kidogo kukawa na kikundi cha taifa cha ngoma, wachezaji na wapigaji wakikusanywa kutoka kila pembe ya nchi. Mwaka 1965 vijana walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarudi na kikundi cha taifa cha sarakasi kikaundwa 1969. Kikaja na cha maigizo. Vikundi hivi vilipovunjwa, ujuzi wake haukuachwa upotee: mwaka 1981 kilifunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na waliokuwa wasanii wa taifa wakawa walimu wa chuo. Mwaka uliofuata chuo kikaanzisha tamasha, ili wanafunzi wawe na mahali pa kuonyesha walichojifunza na umma uone. Ukumbi wa zamani uliungua 2002, ukajengwa mwingine mkubwa zaidi. Mwaka 2007 chuo kikageuzwa kuwa wakala wa serikali, ndiyo TaSUBa ya leo.

Kwa hiyo ukikaa kwenye ukumbi ule utasikia zeze la Wagogo na ngoma za muheme zinazopigwa na wanawake wa Dodoma. Utaona bugobogobo ya Wasukuma, majembe yakirushwa juu kwa mapigo, ngoma iliyokuwa ikiwapa nguvu watu waliolima pamoja shamba la mwenzao. Utaona sindimba ya Wamakonde. Sarakasi zitafuata, na muziki wa vijana. Wenyeji wa wilaya, Wakwere, Wazaramo, Wadoe, Wazigua, wamo kama makabila mengine yalivyomo. Ni tamasha la nchi nzima lililopewa mji wa pwani kuwa nyumbani kwake. Sijui mji mwingine Tanzania ambako mtoto wa mvuvi anakua akijua kutofautisha mlio wa marimba ya Kigogo na mlio wa ngoma ya Kisukuma kwa sababu tu shule ya sanaa iko jirani.

Imani ya pili inazaliwa hapohapo: kwamba kinachochezwa jukwaani ndivyo kinavyochezwa kijijini. Mshereheshaji naye huisaidia kwa kutangaza "ngoma ya asili" kabla ya kila onyesho. Ukweli ni kwamba ngoma ikipanda jukwaani inabadilika, na haiwezi kuacha kubadilika. Ngoma ya usiku kucha inapewa dakika kumi. Duara, ambalo kila mtu alikuwa anaonana na mwenzake, linafunguka na kuwa mstari unaotazama watazamaji. Waliokuwa wanawake peke yao wanachanganywa na wanaume. Sindimba ni mfano wa wazi kabisa. Ilitoka kwenye sherehe za jando na unyago, ikachukuliwa na kikundi cha taifa, ikazunguka nchi nzima na shule zote, na kiuno kikawa ndicho kitu pekee watu wanachokikumbuka. Waliolalamika kwamba ngoma hiyo ni chafu walikuwa wanailalamikia sindimba ya jukwaani, iliyokatwa kutoka kwenye mafunzo na umri na wakati wake.

Mdundiko wa Wazaramo unaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Ni ngoma ya kutembea. Inaanza nyumba moja, inapita mtaa hadi mtaa, watu wanaungana nayo njiani, watoto wanaifuata mpaka wanajikuta wasipopajua na wazazi wanaanza kuwatafuta. Iweke jukwaani nayo itazunguka mahali pamoja. Mapigo ni yaleyale, mavazi yale yale, lakini safari imeondoka, na safari ndiyo iliyokuwa ngoma.

Naona njia nyepesi ya kumweleza mgeni tofauti hii ni pilau. Pilau ya hotelini unaiagiza, unaletewa, unalipa, unaondoka. Ikiwa nzuri unamsifu mpishi, ikiwa mbaya una haki ya kulalamika. Pilau ya shughuli huuziwi. Umealikwa, au umekuja na aliyealikwa, na utaulizwa wewe ni wa nani. Unakaa kwenye mkeka, unakula sinia moja na watu usiowajua, na siku nyingine wao watatarajia kukuona kwenye msiba au harusi yao. Mchele na viungo ni vilevile. Anayeingia hotelini akitaka kutendewa kama mwalikwa atavunjika moyo, na anayeingia kwenye shughuli akijifanya mteja atawaudhi watu.

Kwa maoni yangu, wanaosema ngoma ya jukwaani ni ya uongo wanakosea vibaya. Mhitimu wa TaSUBa anayepanga wachezaji wake ili mtu wa safu ya nyuma aone kila mguu amefanya kazi ya ufundi, na anastahili kupimwa kwa ufundi huo. Msimpime kwa kipimo cha bibi wa Newala, huko kwa Wamakonde. Anachokosea mshereheshaji ni kumfunga msanii huyo kwenye neno "asili", hata ubunifu wake usionekane. Ningependa siku moja nisikie jina la mpangaji wa ngoma likitangazwa jukwaani kama linavyotangazwa jina la mwimbaji.

Bi Kidude alizijua pande zote mbili. Aliimba taarab kwenye majukwaa ya dunia, akapewa tuzo ya muziki wa dunia ya WOMEX mwaka 2005, na hapohapo alikuwa mwalimu wa unyago Unguja mpaka uzeeni. Alifariki Aprili 2013. Jukwaani aliipiga ngoma yake mbele ya maelfu. Ndani, kwa wari wake, mlango ulifungwa. Hakuona ugumu wowote kuyafanya yote mawili, kwa kuwa alijua lini yuko wapi.

Maulidi si onyesho, lakini mlango haukufungwa

Hapa ndipo wageni wengi wana wasiwasi, na wasiwasi wao ni wa heshima. Bagamoyo ni moja ya miji mikuu ya tarika, yaani njia ya Kisufi, ya Qadiriyya katika Afrika Mashariki. Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye zaidi kama Sheikh Ramiya, aliletwa pwani utotoni akiwa mtumwa kutoka upande wa Kongo. Akasoma, akawa khalifa wa tarika, na alipofariki 1931 alikuwa mtu mkubwa wa mji uleule uliompokea bila uhuru wake. Maulidi ya Bagamoyo yaliyokua chini yake na chini ya kizazi chake huwakusanya watu kutoka Dar, Tanga, Unguja na mbali zaidi.

Wapo Waislamu wasioyakubali maulidi kabisa, na mjadala huo ni wao wenyewe. Kwa mgeni, cha kujua ni mwenendo. Si lazima Maulidi yasomwe siku ya kumi na mbili ya mwezi. Misikiti na nyumba hupokezana mfungo sita nzima na hata baada yake. Mwanamke ajifunike kichwa na kuvaa nguo ndefu, mwanamume avae suruali au kanzu, viatu mlangoni. Inapofikiwa pahala pa kuzaliwa Mtume watu wote husimama, nawe simama. Marashi yatanyunyizwa, chetezo cha udi kitapita, na mwisho kutakuwa na chakula. Zikri ikianza, watu wakisimama safu na pumzi zao zikawa mlio mmoja, usinyanyue simu kabla ya kumwuliza mwenyeji wako. Akikuruhusu, piga picha kidogo, uiweke simu. Akikukataza usimbembeleze.

Hakuna kiingilio. Anayekudai hela ya kukupeleka "kuona Maulidi" anakuuzia kitu kisicho chake.

Tanga, na swali la hela

Tanga wanalo neno lao katika haya, maana huko burudani ya kutazamwa imetoka kwenye shughuli zaidi kuliko kwenye chuo. Vikundi vya Black Star na Lucky Star, vya Tanga, ndivyo vilivyoitoa taarab kwenye kundi kubwa la fidla na kuiweka kwenye gitaa, besi na mapigo ya kuchezeka, sauti za wanawake zikiwa mbele. Shakila Said alikuwa mmoja wa waimbaji hao. Ndipo mgeni anapokutana na kutuza. Wimbo ukimgusa mtu anainuka, anatembea kwa madaha hadi mbele, anampa mwimbaji noti mkononi na kurudi kucheza. Wageni hudhani ni kumdhalilisha msanii. La. Anayetuza anasema beti hiyo imemhusu, na mara nyingi anawatazama anaotaka wajue kwamba imemhusu. Mgeni naye aweza kutuza. Asitupe hela chini, wala asimtuze mchezaji kwa kumshika.

Ngoma ya baikoko nayo ni ya Tanga, na kelele zote zilizopigwa juu yake zinaeleweka vizuri zaidi ukishayajua ya sindimba. Viuno vile vile vilivyokuwa vikichezwa shughulini bila mtu kushtuka vilizua ugomvi vilipofika kwenye kumbi za pombe na kwenye video za simu. Wanaobishana kama ngoma hiyo ni utamaduni au ni uchafu wangeelewana haraka kama wangeanza kwa kuulizana wanaizungumzia ya wapi, na mbele ya nani.

Imebaki imani moja, nayo inawaumiza waandaaji kweli kweli: kwamba matamasha yana hela nyingi. Viingilio vya watu wa nyumbani huwekwa chini makusudi, ili mwanafunzi na mama ntilie waingie, na haviwezi kulipia vipaza sauti, taa, malazi na nauli za wasanii. Sehemu kubwa hutoka kwa wafadhili na balozi. Sauti za Busara, pamoja na jina lake kubwa, haikufanyika 2016 kwa kukosa fedha, ikarudi 2017. Tarehe zinapochelewa kutangazwa au kusogezwa, kwa kawaida sababu ni hii. Bado naamini waandaaji wa Bagamoyo wangejisaidia wenyewe kama wangetaja wiki moja na kuishikilia mwaka hadi mwaka, hata kama tamasha lenyewe litakuwa dogo. Mtu wa mbali hawezi kukata tiketi ya ndege kwa tangazo la mwezi mmoja.

Kwa anayepanga safari, basi: anayetaka jukwaa aje Oktoba, aache nafasi ya wiki mbili tatu kwenye mipango yake na athibitishe na TaSUBa kabla ya kulipa hoteli. Anayetaka Maulidi atazame kalenda ya mwezi ya mwaka anaokuja, asitazame ya mwaka uliopita. Aliyefungwa na likizo ya Julai avuke kwenda Makunduchi, kisha apite Bagamoyo aulize getini chuoni kama wanafunzi wana onyesho lolote. Na aliyesikia ngoma usiku mtaani asiifuate peke yake. Amwulize mwenyeji wake asubuhi ilikuwa ya nani. Kama mwenyeji anawafahamu, atakwenda kuomba ruhusa, na ukiruhusiwa nenda na kitu mkononi, kilo mbili za sukari au doti ya khanga, umkabidhi mwenye shughuli kabla hujakaa.